Sikulewa

Jumapili, 8 Septemba

Leo nimeanguka tena shambani. Mara ya kwanza ilikuwa wakati wa kupulizia salfa, nikasema ni ile salfa imenipanda kichwani. Leo hapakuwa na salfa wala jua kali. Nilikuwa nimeinama naokota korosho, mara sikio la kushoto likaziba, kama limeingia maji. Kisha ukaja mlio mzito, kama lori lililosimama barabarani bila kuzimwa injini. Nikawahi kukumbatia mkorosho. Haukunisaidia, maana mkorosho wenyewe ulikuwa unazunguka, ardhi inazunguka, na ndoo yangu inazunguka. Nikajilaza nikafumba macho, na huko ndani ya macho nako kunazunguka. Uji wote wa asubuhi ulitoka.

Mume wangu, Isihaka, alikuwa upande wa pili wa shamba. Alinikuta nimeshika nyasi kwa mikono yote miwili, kama mtu anayeogopa kudondokea angani.

"Mama Shakila, una nini?"

"Dunia inazunguka."

"Mbona haizunguki. Iko palepale."

Nilitaka kucheka, nikatapika tena.

Naandika kwenye daftari la zamani la Shakila, binti yetu, ambalo kurasa za nyuma hakuzimaliza. Nikisema, sauti yangu mwenyewe inapiga sikioni kama debe. Nikiandika, kuna utulivu kidogo.

Jumatatu, 9 Septemba

Zahanati. Malaria hakuna. Presha hakuna. Nesi akaniuliza kama nina mimba. Nikamwambia mwanangu wa pekee anakaribia kuolewa, mimba itokee wapi. Tukacheka wote. Nimerudi na vidonge vya kichwa, ingawa kichwa hakiniumi.

Jumamosi, 14 Septemba

Siku nzuri. Mlio umekuwa mwembamba, kama mbu aliye mbali. Tumeokota mpaka vidole vinawasha kwa mafuta ya korosho.

Ijumaa, 20 Septemba

Nimekuwa nikimpelekea Magreti mabibo, yale matunda ya mkorosho, kila msimu. Sisi tukishakonyoa korosho, mabibo yanabaki yanaoza na kuvutia nyuki. Yeye anayakamua anapika pombe ya uraka. Babu yake alitoka Msumbiji, wao ni Wakristo, na jiko lake la uraka liko chini ya kibanda cha makuti jirani na njia. Miaka yote nimekuwa nikifikisha ndoo, natua, nasalimia, naondoka. Sijawahi kukaa. Si kwamba namchukia. Ni vile mwanamke wa Kiislamu akionekana amekaa pale, watu hawana simile.

Leo nilipoinama kutua ndoo, sikio likaziba. Nikajua. Nikasema niwahi nyumbani kabla mlio haujawa mzito. Sikufika mbali. Miguu ilikuwa inakwenda kulia mimi nataka kwenda mbele. Nikashika ua wa Magreti, ua ukalia. Vijana waliokuwa wanakunywa wakageuka.

"Aisee! Mama Shakila leo kaonja!"

"Kaonja? Huyo kamaliza!"

Magreti aliwafokea wanyamaze, akanishika mkono mpaka kwangu. Njiani hakuniuliza lolote. Alisema tu, "Kanyaga polepole, dada Siku, mimi nipo." Alininywesha maji, akaniondolea viatu, akaenda zake.

Watu wangapi walituona njiani, mimi nayumba na aliyenishika ni muuza uraka! Nimelala nalifikiria hilo kuliko hata kizunguzungu.

Jumanne, 24 Septemba

Kisimani wanawake walinyamaza nilipofika.

Jumapili, 29 Septemba

Wifi yangu Mwanaima, dada yake Isihaka, amekuja kutoka Matambarale. Habari imemfikia huko. Hakusema pombe, alisema jini.

"Wifi, hili ni jini la mkorosho. Linapenda wanawake wanaoinama peke yao. Linakupigia ngoma sikioni, husikii?"

"Nasikia mlio, wifi. Ngoma siisikii."

"Ndiyo lenyewe hilo."

Amependekeza mganga mmoja. Isihaka amesema tuanze na kombe la shehe. Nikakubali, kwa sababu kombe ni aya za Mungu na halinidhuru.

Alhamisi, 3 Oktoba

Nimekunywa kombe siku zote alizosema shehe. Sijaanguka. Hata mlio umepungua, au nimeuzoea. Nimemwambia Shakila nimepona. Alinikumbatia akasema, "Alhamdulilahi, maana wageni wanakuja."

Wageni ni upande wa Hemedy, kijana wa Mtua anayetengeneza pikipiki mjini Nachingwea. Wanakuja Jumapili ya tarehe kumi na tatu kukamilisha mazungumzo ya posa. Shakila amebadilika siku hizi. Anafagia uwanja huku anaimba, na simu haitoki mkononi.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumepaka nyumba chokaa. Mwanaima kaleta samaki wa chumvi, wakubwa, kwa ajili ya wageni. Nimekula sana.

Jumapili, 13 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Walifika saa nne. Wazee wawili wanaume, Mama Hemedy, na shangazi yao mmoja. Isihaka alikuwa amevaa kanzu ile anayovaa Idi. Wanaume wakakaa barazani, wanawake ndani kwenye mkeka. Mama Hemedy ni mwanamke wa heshima, anaongea taratibu, macho yake yanapita kila mahali: dari, kona, vikombe, mikono yangu. Mimi ningefanya vilevile. Mtu anapeleka mwanawe.

Sikio lilianza kujaa wakati natoa wali jikoni. Nikajiambia, si leo. Nikasema Bismillahi nikashika sinia la chai. Ningempa Shakila alibebe, lakini Shakila alikuwa amekaa ndani kajitanda, hairuhusiwi aonekane anahangaika. Na Mwanaima alikuwa barazani anawanawisha wazee.

Mlangoni ukaja ule mlio wa lori. Sikusikia tena mtu akiongea, naona midomo tu. Kisha sakafu ikainuka upande mmoja. Nakumbuka niliona uso wa Mama Hemedy ukiwa chini na mkeka uko juu. Chai ikamwagika mkekani, kikombe kimoja kikamgonga shangazi yao mguuni. Mimi nikaanguka juu ya vikombe.

Sikuzimia. Hilo ndilo watu hawalielewi. Nasikia, naona, najua kila kitu, ila siwezi kusimama. Nilitambaa kwa magoti kutafuta ukuta. Nikatapika mbele ya wageni, kwenye mkeka mpya.

Shangazi yao akasema, akidhani sisikii, "Kumbe ni kweli."

Hiyo "kumbe" ndiyo iliyonimaliza. Maana yake walikuja wakiwa wamekwisha kuambiwa.

Mama Hemedy hakusema neno baya. Aliinuka, akakunja upindo wa baibui lake usiguse matapishi, akasema, "Tumuache mgonjwa apumzike." Alilitamka neno mgonjwa kama mtu anavyofunika chungu. Wali haukuliwa. Niliwasikia wanaume barazani wakiagana kwa haraka.

Shakila alikuja kunifuta uso.

"Mama," akasema, "kama unakunywa, niambie tu. Sitamwambia mtu."

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimesugua mkeka, harufu haitoki.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mzee mmoja wa Mtua amempigia Isihaka. Wanaomba "tusubiri kwanza." Hakusema kusubiri nini.

Jumanne, 22 Oktoba

Kizunguzungu kilinishika mchana, nikiwa peke yangu. Safari hii nilifanikiwa kufika kwenye mkeka. Kikanishika mpaka alasiri. Isihaka aliporudi kutoka sokoni Ruangwa alinikuta nimejikunja, beseni la matapishi pembeni.

Alipiga magoti. Akavuta khanga akanifunika mabega. Nikafurahi, nikafumba macho. Kisha akainama zaidi, uso wake ukaja karibu kabisa na wangu, nikadhani anataka kuninong'oneza kitu.

Akavuta pumzi puani. Mara moja, taratibu.

Alikuwa ananinusa mdomo.

Nikafumbua macho. Akarudi nyuma haraka, akajifanya anasogeza beseni. Tumeishi pamoja tangu sijazaa Shakila. Amenizikia mama yangu, mimi nimemuuguza yeye kifua mpaka akasimama. Hajawahi kunipiga wala kunitukana. Sasa ninajua kwamba kupigwa si kitu pekee kinachoumiza.

Akalibeba beseni akatoka.

Jumatano, 23 Oktoba

Nampikia, namuandalia, naondoka.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mlio hauondoki tena. Hata ile siku nzuri haipo. Asubuhi kabla sijafumbua macho nausikiliza kwanza, niujue leo umeamkaje. Ukiwa mwembamba nainuka. Ukiwa mzito nangoja. Nikishika simu kwa sikio la kushoto, naona kama mtu anaongea ndani ya mtungi.

Mwanaima ananisihi twende kwa mganga. Anasema Isihaka amekubali. Nimemwambia, kama Isihaka amekubali, basi aende yeye.

Ijumaa, 1 Novemba

Kizunguzungu kimelala. Siku tatu sijaanguka. Naogopa kufurahi.

Jumatano, 6 Novemba

Leo tulipeleka korosho kwenye ghala la chama cha ushirika. Watu wengi, foleni ndefu, jua la utosini, magunia yamepangwa mpaka barabarani. Isihaka alikuwa ndani kwenye mizani, mimi nje nalinda magunia yetu. Nilikuwa nimesimama kati ya wanawake ninaowajua wote kwa majina, na hakuna aliyekuwa ananisemesha.

Ule mlio haukunipa hata nafasi. Nilianguka kama nimesukumwa. Nikasikia kicheko kimoja, kisha vingi. Mtu akasema, "Hata mchana huu!" Mwingine akasema, "Mume wake anajua, anaficha tu." Sikuweza kuinua kichwa. Nilikuwa nimekwaruza shavu kwenye kokoto, na nilichokuwa nawaza ni kwamba khanga imepanda miguu iko wazi, na siwezi kuiteremsha.

Mtu akaiteremsha. Ilikuwa Magreti. Alikaa chini palepale vumbini, akapakata kichwa changu, akanifunika macho kwa kiganja chake. Kisha nikasikia sauti yake, na Magreti akipaza sauti hata sikio langu bovu linasikia.

"Nyie mnaocheka! Uraka huku anapika nani? Si mimi? Namjua kila anayekunywa, namjua na anayekunywa kwa kujificha. Niwataje? Wewe unayecheka hapo, nikutaje?"

Kicheko kikakatika.

"Huyu hajawahi kuonja kwangu hata tone. Hata maji kwangu hajawahi kunywa! Huyu anaumwa. Mtu anaumwa mnacheka, ninyi watu gani?"

Nililia kwa lile neno la maji. Amekuwa akiliona miaka yote, kwamba sinywi hata maji kwake, na bado kakaa vumbini.

Isihaka alitoka ghalani akatukuta. Alisimama tu. Mikono yake ilikuwa na vumbi la magunia, akawa anaifuta kwenye shati, anaifuta, anaifuta.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimekwenda kwa Magreti. Nimekaa. Nimemuomba maji, nikanywa.

Amesema, "Twende hospitali Nachingwea, dada Siku. Si zahanati. Huko kuna daktari anayeangalia masikio. Mimi nitakusindikiza, njiani ukianguka uniangukie mimi."

Nyumbani Shakila alisikia. Akasema naye anakwenda. Alivyosema, nilijua hatafuti dawa. Anataka kujua ukweli.

Jumatatu, 11 Novemba

Gari lilinisumbua, kila kona nilishika kiti cha mbele. Lakini tumefika.

Daktari ni kijana, ana subira. Kwanza aliniomba nieleze, hakunikatisha. Hakuna aliyewahi kunisikiliza mpaka mwisho. Nikamweleza sikio kujaa, mlio wa lori, dunia kuzunguka, kutapika, na baadaye uchovu wa kulala kama maiti. Alichukua kipande cha chuma chenye matawi mawili, akakigonga, akakiweka karibu na sikio la kulia, nikasikia kinaimba. Akakiweka kushoto.

"Unasikia?"

"Nasikia mlio wangu mwenyewe tu."

Akatikisa kichwa, akaandika.

"Mama, tatizo liko ndani kabisa ya sikio," akasema. "Humo ndimo mwili unamojulia kama umesimama au umelala. Kuna maji humo, yakizidi yanaudanganya mwili. Unahisi unazunguka na huzunguki."

"Kwa hiyo si jini," akasema Shakila.

"Sijawahi kuona jini likipungua kwa kupunguza chumvi."

Akaniuliza ninavyokula. Nilipotaja samaki wa chumvi alicheka kidogo, akasema ndio niwaache, na chumvi ya mezani nayo, na chai ya rangi nzito. Kanipa vidonge. Kasema nisipande mti, nisikae peke yangu na moto, nikianza kuhisi nilale popote nilipo, aibu nisiitazame.

"Itapona?"

Hakunidanganya. "Tutaituliza. Vizunguzungu vinaweza kuja kwa nadra zaidi. Ule mlio unaweza kubaki. Na usikivu wa sikio hilo unaweza kuendelea kupungua."

Shakila akamuuliza, akitazama sakafu, "Daktari, unaweza kuandika humo kwamba mama yangu hanywi pombe?"

Daktari alimtazama, akanitazama mimi, akaelewa. "Dada, mimi naandika ugonjwa alio nao. Ambao hana sina pa kuuandika." Halafu akaongeza, taratibu, "Lakini wewe si umesikia?"

Shakila alinishika mkono kutoka chumba cha daktari mpaka stendi. Hakuuachia.

Jumamosi, 16 Novemba

Nimemweleza Isihaka maneno ya daktari, yote. Alisikiliza ameinama. Nilipomaliza akasema, "Mimi nilikunusa."

"Najua."

"Ulikuwa macho?"

"Nilikuwa macho."

Akasema, "Mungu anisamehe." Mimi sikumwambia nimesamehe, kwa sababu bado.

Jioni nilipopika mboga yangu bila chumvi na yake kwenye sufuria nyingine, alimimina yangu kwenye sahani yake akala. Haina ladha kabisa. Alikula mpaka mwisho.

Ijumaa, 22 Novemba

Kampeni za serikali za mitaa. Spika ya gari la matangazo ilipita karibu na nyumba, nikaziba masikio yote mawili nikaingia chini ya mto. Kizunguzungu kilikuja, kidogo, kikaondoka.

Jumanne, 26 Novemba

Shakila alikwenda Mtua mwenyewe, hakutuaga. Alimfuata Mama Hemedy nyumbani kwake akamweleza kila kitu: sikio, maji ya ndani, chuma kinachoimba. Anasema Mama Hemedy alimkaribisha vizuri, akamsikiliza, akampa na chakula. Mwishoni akamuuliza, "Na huo ugonjwa, bibi yako alikuwa nao?"

Shakila akasema hajui.

"Basi huo unaweza kuwa wa damu, mwanangu. Na wewe ni damu yake."

Hemedy alikuwepo. Alikuwa anasafisha spana kwa tambara. Hakuinua uso.

Nilidhani atarudi analia. Alirudi mkavu. "Mama," akasema, "pombe wangesema uiache. Ugonjwa wanasema ni mimi." Akaingia kubadili nguo, akatoka kunisaidia kupepeta mbaazi. Simu ilikuwa imezimwa, iko juu ya kabati.

Nilimwambia pole. Akasema, "Pole ya nini, mama, hukufanya kitu." Nikaona aliyekuwa anaongea ni mtu mzima.

Jumapili, 1 Desemba

Mawingu tu. Joto. Mlio mzito tangu asubuhi, nimekaa.

Alhamisi, 5 Desemba

Mvua ya kwanza imenyesha. Nimelalia upande wa kushoto, naisikia kwenye bati. Nikigeuka, inaisha. Nimegeuka na kugeuka, naifungua na kuifunga kama bomba.

Jumanne, 10 Desemba

Tumeanza kupanda mahindi kwenye shamba la kando ya barabara. Isihaka anachimba mashimo, mimi nafuata natia mbegu na kufukia kwa mguu. Ametangulia kunipangia: nitembee upande wake wa kushoto, ili sikio langu zima liwe kwake. Ardhi imelowa, laini, inanukia.

Tulikuwa tumefika katikati, sikio likaziba.

"Baba Shakila," nikasema, "kinakuja."

"Lala."

"Hapa? Watu wanapita."

"Lala, mama, daktari kasema nini?"

Nikalala kwenye tope, kati ya mashimo, mbegu zikanimwagika kifuani. Kikaja, kikubwa kuliko vyote vya mwezi huu. Nilishika udongo, udongo ukatoka mkononi. Barabarani nikasikia, mbali kama chini ya maji, pikipiki ikipunguza mwendo, na watu waliokuwa wanatembea wakisimama. Nilijua wanatazama. Nilisubiri kile kicheko.

Isihaka alikuwa amesimama. Kisha nikaona jembe linaanguka, na yeye anashuka. Hakupiga magoti. Alilala. Alilala chali kwenye tope kando yangu, na shati lake, na kofia yake, mchana kweupe. Akasogeza kichwa chake mpaka kikagusa changu upande wa kulia, akakishikilia kisizunguke.

"Isihaka, inuka," nikasema. "Watasema na wewe umelewa."

"Waseme."

"Watasema tumelewa wote."

"Mama Shakila, waseme mpaka wachoke. Wewe fumba macho."

Nikafumba. Mvua ikaanza tena, nyepesi. Pikipiki iliwashwa ikaondoka, waliosimama nao sijui waliondoka lini. Tulilala pale mpaka dunia iliposimama, na iliposimama tukaendelea kulala kidogo.